Mashine pepe ni nini, na hifadhidata inakaaje ndani yake

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na bodi wala nyaya zake yenyewe. Ni programu inayojifanya kompyuta kamili: ina prosesa, memori, diski na kadi ya mtandao, na ukiiwasha inasubiri uiwekee mfumo endeshi kama laptopu yoyote tupu. Mfumo huo utafanya kazi kana kwamba mtambo wote ni wake. Laptopu yako yenye Windows ndiyo mwenyeji. Linux uliyoiweka ndani ndiyo mgeni. Katikati yao kuna haipavaiza, programu inayomgawia mgeni nguvu za mtambo na kumzuia asiguse vitu vya mwenyeji.

Wazo hili ni la zamani. IBM walikuwa nalo kwenye mitambo yao mikubwa miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatoa VM/370, ambapo watu wengi walitumia mtambo mmoja na kila mtu akauona kama wake peke yake. VMware ilianzishwa 1998. VirtualBox, ambayo wanaojifunza wengi huanza nayo kwa kuwa ni ya bure, ilitoka 2007 kwa kampuni ya Kijerumani ya Innotek, ikanunuliwa na Sun, na sasa iko chini ya Oracle.

Sasa mchukue kijana wa Kisauni, Mombasa, anayeandikia duka la vipuri la Mwembe Tayari programu ya kuhesabu stoku. Laptopu yake ni ya Windows, na humo zimo kazi za chuo, picha za harusi ya dadake na michezo. Programu ikikamilika itahamia kwenye seva ya Linux ya kukodi. Stoku yenyewe inakaa kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, yaani ghala la data lililopangwa kwa majedwali. Kwa mipangilio ya kawaida, MySQL ya Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya majedwali: jedwali la Bidhaa utalipata hata ukiandika bidhaa. Ukiingia Linux, hayo ni majina mawili tofauti, na amri ya SQL, lugha ya kuiulizia hifadhidata, iliyokuwa ikijibu vizuri itakwambia jedwali halipo. Majina ya faili nayo ni vivyo hivyo. Kosa la aina hii hujificha mpaka siku ya kuhamia, tena mbele ya mwenye duka. Akiandika na kujaribu ndani ya Linux pepe atalikuta mapema, akiwa kwao. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kutumia mashine pepe. Ile ya kuweka laptopu safi, inayotajwa sana, ni faida ya ziada tu.

Kinachowakwamisha wengi ni memori. Memori anayopewa mgeni humtoka mwenyeji muda wote mgeni anapokuwa ameshika kazi. Laptopu ya GB 8 itampa mgeni GB 2 bila kulalamika, maadamu umeweka Ubuntu Server, isiyo na madirisha wala mapambo. Ya GB 4 itajikongoja: mpe GB 1, na kivinjari chenye kurasa ishirini ukifunge. Kwa hiyo ukienda kununua laptopu ya mtumba, swali la kumuuliza muuzaji ni "Kaka, hii memori inaongezeka?" kabla hujauliza rangi. Diski haina shida sana. Ukichagua GB 25 zinazokua taratibu, faili yake huanza ndogo na kunenepa kadiri unavyojaza, ila haipungui yenyewe ukifuta vitu.

Mashine ikikataa kuwaka na ujumbe ukataja VT-x, laptopu haijaharibika. VT-x ni uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, na mara nyingi umezimwa tu kwenye BIOS, mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Zima, washa, bonyeza F10 kwa HP nyingi au F2 kwa Dell, uuwashe.

Kuweka vyombo vyenyewe, MySQL na vya Python, ni kazi ndogo. Ndani ya Ubuntu unaandika `sudo apt install mysql-server python3-venv` na kusubiri bando lifanye kazi yake. Usumbufu huanza unapotaka kuifikia hifadhidata kutoka upande wa Windows.

Kwa kawaida VirtualBox humweka mgeni nyuma ya NAT, njia ya kumtoa mtandaoni kwa mgongo wa mwenyeji, na kumpa anwani 10.0.2.15. Yeye hutoka intaneti bila shida, lakini mwenyeji hawezi kumwingilia. Na 127.0.0.1, anwani ambayo kompyuta hujiita nayo yenyewe, ya mgeni si ile ya Windows. Kila mmoja ana yake. Ili kupita, unaiagiza VirtualBox ipeleke poti 3306 ya mwenyeji (poti ni namba ya kupitia ya mtandao, na 3306 ndiyo ya MySQL) kwenye poti 3306 ya mgeni. Utajaribu, na utakataliwa, kwa sababu MySQL ya Ubuntu husikiliza 127.0.0.1 yake tu. Ukibadilisha bind-address, mpangilio unaosema MySQL isikilize anwani ipi, utakataliwa tena, kwa maneno mengine: 10.0.2.2 hairuhusiwi. Hiyo ndiyo anwani ambayo mgeni humwona nayo mwenyeji, na mtumiaji uliyemfungua kama 'duka'@'localhost', yaani duka akitokea mashine hiyo hiyo, hana ruhusa ya kuingia akitokea huko.

Unaweza kufungua milango yote miwili, wa bind-address na wa ruhusa ya mtumiaji. Mimi nisingefungua hata mmoja. Weka SSH, njia ya kuingia kompyuta nyingine kwa mawasiliano yaliyofichwa, ndani ya mgeni, peleka poti 2222 ya 127.0.0.1 ya mwenyeji kwenye poti 22 ya mgeni, kisha kihariri chako na programu yako ya kutazama hifadhidata vipite humo. MySQL itabaki imejifungia, na aliyeketi meza ya pili kwenye wifi ya mkahawa hataona kitu. Seva ya kukodi nayo utaifikia kwa njia hiyo hiyo.

Kabla ya kugusa kitu kikubwa, piga snapshoti. Hiyo ni alama ya hali ya mashine kwa wakati ule, na ukiharibu unarudi ilipokuwa kwa dakika chache. Ni kama kufunga kamba ya mashua kabla ya kushuka majini. Lakini snapshoti huikalia diski ile ile. Diski ikifa, zote zimekwenda. Stima ikikatika na betri ya laptopu imechoka, mgeni huzimika kama aliyechomolewa waya. InnoDB, injini ya kuhifadhi ya MySQL, huandika mabadiliko kwanza kwenye faili lake la kumbukumbu lililo diskini, kwa hiyo mara nyingi hujirekebisha ikiwashwa tena. Hata hivyo data ya duka isitegemee "mara nyingi". Jioni endesha mysqldump, amri ya kunakili hifadhidata kwenye faili, na faili itakayotoka uitoe nje ya mgeni, kisha nje ya laptopu yenyewe: kwenye flashi au kwenye akaunti yako ya mtandaoni.