Mwalimu hangoji kuitwa semina ndipo ajifunze

"Mwaka huu hatujapata mafunzo yoyote, mwalimu. Hatujaitwa." Kauli hii nimeisikia kwa wakuu wa shule wengi mno, na wiki iliyopita nimeisikia tena. Ukutani palibandikwa ratiba ya jumuiya ya ujifunzaji, yaani vikao vya walimu kujifunza wao kwa wao shuleni, na daftari lake la mahudhurio lilikuwa jeupe tangu shule ilipofunguliwa.

Dhana yenyewe ni kwamba mafunzo ni semina: barua ya wito, ukumbi, posho, cheti. Anayesafirishwa alipwe haki yake, hilo halina mjadala. Semina pia ina kazi yake. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa Januari 2024, walimu walihitaji kuelekezwa. Lakini MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, inaanzia shuleni: walimu wanakaa wao kwa wao kwenye jumuiya yao, kisha wanakutana na wenzao wa shule jirani katika kituo cha walimu. Mwezeshaji wa ukumbini hajui wanafunzi wako walikosea nini jana. Wewe unajua, madaftari unayo mezani.

Katika shule moja ya msingi nilikaa na walimu wanne wa Hisabati, mbele yetu rundo la madaftari ya darasa la tano. Swali lilikuwa 1/2 + 1/3, na daftari baada ya daftari jibu ni 2/5. "Hawasikilizi hawa," akasema mwenye darasa. Mwenzake akamuuliza wiki iliyotangulia alifundisha nini. Kuzidisha sehemu: juu mara juu, chini mara chini. Kimya kikatanda. Watoto walikuwa wamesikiliza vizuri sana, wakaichukua kanuni ya kuzidisha wakaitumia kwenye kujumlisha. Basi tukachukua karatasi mbili zinazolingana, moja tukaikunja sehemu mbili sawa, nyingine sehemu tatu sawa. Vipande havikulingana, kwa hiyo havikuweza kuhesabiwa pamoja mpaka karatasi zote mbili zikunjwe sehemu sita: 3/6 na 2/6, jumla 5/6. Mwalimu mmoja akaongeza jambo ambalo mimi sikuliwaza: mwanafunzi aulizwe kwanza kama 2/5 inafika hata nusu. Dakika 40 zilitosha, na kesho yake somo likafundishwa upya.

Hayo ndiyo mafunzo. Tafadhali msiyapange Ijumaa saa tisa alasiri, watu wamechoka na wanawaza usafiri wa kurudi nyumbani. Yaingizeni kwenye ratiba ya shule kama kipindi kingine chochote, na kipindi hicho kisiliwe na kikao cha michango.

Najua walimu watanipinga. "Mimi mzoefu, nini kipya?" Aliyeanza kufundisha sekondari mwaka 2000 alikuta mtaala wa maudhui, unaokazia yaliyomo kwenye somo, mwaka 2005 ukaja wa kujenga umahiri, unaokazia anachoweza kufanya mwanafunzi, sasa upo ulioboreshwa mwaka 2023. Uzoefu wake tunauhitaji sana mezani, pamoja na maswali yake.

"Kujiendeleza ni kwenda kuchukua digrii." Kasome, nakuunga mkono. Ila digrii ya uongozi haitakuonyesha kwa nini darasa lako la tano linaandika 2/5.

"Mwenzangu akikaa nyuma ya darasa langu, ananikagua." Hofu hii naielewa, maana walimu wengi wamezoea mgeni anayeingia na fomu na kutoka na alama. Udhibiti ubora, yaani ukaguzi wa shule, una watu wake. Dawa ninayoisisitiza kila ninapokwenda ni mkuu wa shule afundishe wa kwanza, kipindi halisi, mada ngumu, walimu wake wakiwa nyuma. Wasishike fomu. Kila mmoja achague wanafunzi watatu awaangalie wao, si mwalimu, na kipindi kikiisha swali la kwanza liwe: nani hakuandika kitu, na alikwama wapi?