Kutafuta maneno marefu ya Kiingereza kwa herufi zilizomo: maana yake na namna ya kufanya

Kutafuta neno kwa herufi zake ni kuanza na herufi chache unazozijua, popote zilipo ndani ya neno, na kutoka hapo kulifikia neno zima pamoja na maana yake. Kamusi ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa maneno yake yamepangwa kwa herufi za mwanzo. Anayejua kwamba neno lina "rrh" katikati, lakini hajui linaanzaje, hana ukurasa wa kufungua. Haja hii humpata anayejaza chemshabongo, anayecheza Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, na hata mwanafunzi wa uuguzi anayejaribu kusoma cheti ambacho nusu ya wino wake umefutika.

Kuna masharti mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni kwamba herufi ziwemo tu, kwa mpangilio wowote: "education", yaani elimu, ina irabu zote tano, lakini zimetawanyika. La pili ni kwamba herufi zifuatane bila kuachana. Programu nyingi za kutafutia maneno huweka alama ya kuuliza mahali pa herufi moja isiyojulikana, na nyota mahali pa herufi zozote, ziwe ngapi ziwavyo, kwa hiyo sharti la pili ndilo lenye kuleta orodha fupi.

Chukua safu ya visanduku 10 ambamo kisanduku cha tatu hadi cha sita vimekwisha kujazwa p, h, t na h. Ukiandika alama mbili za kuuliza, kisha "phth", kisha alama nne za kuuliza, utapata maneno machache, na mojawapo ni "diphtheria", ugonjwa tunaouita dondakoo. Sogeza herufi hizo nafasi moja kuelekea kushoto, na miongoni mwa majibu utaliona "ophthalmic", lenye maana ya kuhusu macho. Daktari wa macho mwenyewe ni "ophthalmologist", herufi 15, na hapa pana mtego: watu wengi huisahau h ya kwanza, na aliyeisahau atatafuta mchana kutwa bila kupata kitu.

Herufi hizo hazikurundikana kwa bahati. Maneno hayo yametoka katika Kigiriki, ambacho kina herufi moja kwa sauti inayoandikwa "ph" na herufi nyingine moja kwa "th". Waroma, walipoyaandika maneno ya Kigiriki kwa alfabeti yao, walitumia herufi mbili mahali pa kila moja, na Kiingereza kikarithi tahajia hiyo. Kwa hiyo zile nne tunazozihesabu kwenye visanduku zilikuwa mbili tu. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa jambo hili, kwani neno "thamani" leo huanza kwa herufi mbili, ilhali katika hati ya Kiarabu, ambayo Kiswahili kiliandikwa kwayo kwa karne kadhaa, sauti hiyo ina herufi moja.

Ndiyo maana naona kwamba anayejifunza vipande vya Kigiriki hupata neno na maana yake kwa pamoja, badala ya kulipata neno kwanza kisha akaanza kuisaka maana. "Diphthera" kwa Kigiriki ni ngozi iliyotengenezwa, na ugonjwa ukapewa jina hilo kwa sababu ya utando mzito unaojitanda kooni mwa mgonjwa. Kiswahili chenyewe kilitazama donda na mahali lilipo. "Diphthong" ni irabu unganifu: "di" ni mbili, na "phthongos" ni sauti.

Vivyo hivyo na "rrh". Katika "diarrhoea", kuhara, "dia" ni kupitia na "rhein" ni kutiririka. Kitenzi hicho hicho kimo katika "logorrhoea", kusema mfululizo bila kuweza kujizuia, kwa kuwa "logos" ni neno. "Haemorrhage", kutokwa na damu nyingi, imeunganisha "haima", damu, na kitenzi kingine chenye maana ya kupasuka. Jihadhari tu na idadi ya herufi: tahajia ya Uingereza, ambayo ndiyo inayofundishwa shuleni Kenya na Tanzania, inalipa neno hili herufi 11, na ya Marekani, iliyoacha a, inalipa 10. Visanduku visipotosha, anza kwa kukagua hapo.

Yako pia maneno yanayotafutwa kwa sharti la kutorudia herufi hata moja. Maarufu kati yake ni "uncopyrightable", kisichoweza kuwekewa hakimiliki, na "dermatoglyphics", elimu ya michirizi ya ngozi ya vidole na viganja, kutokana na "derma", ngozi, na neno la kuchonga. Yote mawili yana herufi 15, sawasawa na upana wa ubao wa Scrabble.

Urefu peke yake, hata hivyo, si ushahidi kwamba neno linatumika. "Pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", lenye herufi 45, lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, rais wa National Puzzlers' League, chama cha wapenda mafumbo ya maneno nchini Marekani, ili liwe refu. Ukilikata vipande utaona mapafu, udogo usioonekana kwa macho, silika (madini yaliyomo katika mchanga na miamba), volkano na vumbi, yaani ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvuta vumbi laini mno. Daktari anayemtibu mchimba mgodi mwenye maradhi ya vumbi la silika huandika "silicosis", herufi 9.