Faji hawajafa, wamegandamana tu

Kwa mara ya tatu muhula huu nimeletewa sahani za petri na kuambiwa, "Dokta, faji wamekufa," yaani virusi wanaoshambulia bakteria. Wameuawa na nini? Maji. Kijana kazimua akiba ya T4, aina mojawapo ya faji, kwa maji matupu badala ya bafa (mmumunyo wenye chumvi unaotuliza pH, yaani kiwango cha asidi), kaiacha usiku kucha, asubuhi plaki zimebaki chache. Matanga yakaanza.

Jamani, plaki si faji. Plaki ni doa angavu lililoanzia mahali pamoja kwenye zulia la bakteria E. coli, pale faji walipowaua. Wakitua hapo faji kumi walioshikana, doa ni lilelile moja. Hesabu imeshuka mara kumi, wafu hakuna.

Habari ya pH naipita haraka: ganda la faji ni protini yenye chaji, na chaji zinazofanana husukumana. Ukishusha pH hadi chanya na hasi zikalingana, kwa faji mwingine, MS2, ni karibu na 4, msukumano unakwisha na mabonge yanaanza.

Kinachoniudhi ni chumvi. Kanuni ya koloidi, yaani chembe ndogo zinazoelea kwenye maji, inasema chumvi hufifisha chaji, basi chumvi ikizidi, mabonge yanazidi. Kijana ameikariri, akanibishia kwamba maji matupu yangepaswa kuwatenganisha. Kwa kanuni hiyo ana hoja. Ila T4 hakuhudhuria kipindi hicho: chumvi ikipungua ndipo anajikusanya, ukimrudishia sodiamu anaachana na wenzake. Nikamwambia achukue mrija uleule wa "marehemu", atie kloridi ya sodiamu, asubiri, ahesabu upya. Plaki zikapanda! Na mrijani hamkuwa na bakteria hata mmoja wa kuzalia.

Hata hivyo hazikurudi zote, na hapo nanywea kidogo. Waliobaki wako kwenye mabonge, wamenata kwenye plastiki, au wamekufa kweli? T4 aliyezoea chumvi kali akitumbukizwa majini ghafla hupasuka, hilo silikatai, ingawa bafa yetu si kali kiasi hicho. Plaki peke yake hainiambii.

Wanaopima kama klorini inaua faji nao wajiangalie. Bonge la faji ishirini likiuawa kumi na tisa bado linatoa plaki moja, nawe unaandika dawa haikufanya kitu.

Nimemtuma kijana akapime ukubwa wa chembe kwa mtawanyiko wa mwanga. Mashine iko ghorofa ya chini, foleni yake ni hadi Alhamisi.