Je, wajua kwa nini maghorofa ya udongo ya Shibam hayayeyuki kwa mvua?

Shibam ni mji mdogo katika Bonde la Hadhramaut, Yemen, kama kilomita 20 magharibi mwa Seiyun. Ukuta wake unaweza kuuzunguka kwa miguu kwa robo saa hivi. Ndani yake zimebanana nyumba kati ya 400 na 500, nyingi za ghorofa 5 hadi 8, na zile ndefu zaidi hukaribia mita 30. Zimejengwa kwa matofali mabichi, yaani udongo uliokaushwa juani bila kuchomwa. Hazina nondo wala nguzo za zege. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2015 ikauingiza pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Ukimwuliza mtu kwa nini nyumba hizo zimedumu, jibu la haraka ni kwamba kule ni jangwani na hakunyeshi. Jibu hilo linaingia akilini upesi, nalo ni kosa.

Kunanyesha. Ni kweli kwamba kwa mwaka mzima mvua haijazi hata kikombe, kwani kwa kawaida haifiki milimita 100, lakini haiji kwa kugawanywa vizuri. Huweza kushuka nyingi kwa siku moja au mbili juu ya nyanda za mawe zinazolizunguka bonde, na maji yote yakateremka kwenye magenge hadi chini. Mafuriko ya mwaka 1298 yaliharibu sehemu ya mji, na yale ya 1532 na 1533 yaliuharibu kiasi kwamba Shibam tunayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ile iliyojengwa upya baada yake. Oktoba 2008 mafuriko mengine yalibomoa nyumba za udongo kwa maelfu katika Hadhramaut na mkoa jirani wa Mahra, na zaidi ya watu 100 wakafa. Shibam ilizungukwa na maji, na ilibaki imesimama. Mwaka 2020 mvua kubwa ilirudi na kuharibu nyumba kadhaa mjini humo.

Kuna jambo jingine linaloibomoa hoja ya ukame. Udongo wa matofali huchimbwa mashambani chini ya mji, kwenye tope laini linaloachwa na mafuriko hayo hayo baada ya kuelekezwa kwenye mitende na ngano. Kama kusingenyesha kabisa, Shibam isingekuwa na tofali hata moja.

Tuondoe na dhana pacha, kwamba mji una miaka 500 na kila tofali lina miaka 500. Msikiti wa Ijumaa una sehemu za zamani zaidi, za karne ya 9 au ya 10, na nyumba chache hutangulia karne ya 16. Zilizobaki zimebomolewa, zikajengwa palepale, zikaongezwa ghorofa, zikakandikwa upya mara nyingi. Tofali bichi lililovunjika hulowekwa likawa tope, likafyatuliwa tena, kwa hiyo kutaja umri wa nyumba moja moja kunahitaji tahadhari. Hata idadi ya ghorofa hutajwa kwa ukarimu. Wapo wanaofika 11.

Turudi kwenye maji. Ili kuelewa kwa nini mvua ya saa mbili haiangushi ukuta wa udongo, inabidi kujua kwanza kinachoufanya udongo mkavu uwe mgumu. Chukua vipande viwili vya kioo, weka tone la maji katikati, uvibane. Vitashikana hata ushindwe kuvitenganisha kwa kuvivuta. Hakuna gundi, utando mwembamba wa maji, wenye kingo zilizopinda kuelekea ndani, ndio unaovivuta. Utando ukizidi kuwa mwembamba, mvuto huzidi. Sasa vitumbukize vioo hivyo ndani ya ndoo iliyojaa maji. Vinateleza na kuachana vyenyewe, kwa sababu kingo za ule utando zimetoweka na hakuna tena kinachovuta. Udongo wa mfinyanzi umeundwa na vibamba vidogo mno, bapa kama vile vioo, vikiwa mamilioni kwa mamilioni. Tofali "kavu" lina unyevu kidogo uliobaki katikati ya vibamba hivyo, na unyevu huo ndio unaolishikilia. Kwa hiyo kumwagiwa si tatizo kubwa. Tatizo ni kujaa hadi ndani.

Na kujaa kunahitaji muda. Mvua inayopiga ukuta uliosimama wima hupata sekunde chache tu za kuugusa kabla ya kuteremka. Inalowesha sentimeta chache za nje, mfinyanzi wa pale unavimba na kuziba vijitundu, na maji yanayofuata yanapata njia nyembamba zaidi. Kesho yake jua linakausha. Kilichopotea ni milimita kadhaa za lipu ya udongo na mabua, na lipu hiyo iliwekwa pale kwa makusudi iliwe. Kuipaka upya ni sehemu ya gharama ya kuishi mjini, na nyumba isiyokandikwa kwa misimu kadhaa huanza kuonyesha matofali.

Maji yaliyotuama kwenye msingi ni habari nyingine. Hayo hayana haraka. Vijitundu vya udongo huyanyonya kwenda juu, wakati mwingine karibu mita nzima, na yanapokauka usoni mwa ukuta huacha chumvi. Fuwele za chumvi zinakua ndani ya tofali na kulimeng'enya, ukuta unalika kwa chini na kubaki na mbonyeo. Mbonyeo huo hutokea pale pale ukuta unapobeba uzito mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Uzito huo unaweza kuukadiria mwenyewe. Mita moja ya ujazo ya ukuta wa matofali mabichi ina kama kilo 1,700 hadi 1,800. Ukuta wa mita 30 wenye unene uleule juu na chini unakandamiza tofali la chini kabisa kwa takriban kilo 5 kwa kila sentimeta ya mraba. Tofali zuri likiwa kavu linaweza kuhimili kama kilo 10 hadi 20. Nafasi ipo, ila si ya kuchezea, na bado hujaweka sakafu, magunia ya nafaka na watu. Jambo la ajabu ni kwamba kuunenepesha ukuta wote sawasawa hakukusaidii kitu kwa uzito wake wenyewe: ukizidisha unene mara mbili, umezidisha na mzigo mara mbili. Kinachosaidia ni kuupunguza unene kadiri unavyopanda. Ukuta wenye mita 1 chini na sentimeta 30 juu unashusha ule mkandamizo kutoka kilo 5 hadi 3 na ushei. Mafundi wa Hadhramaut hufanya hivyo hasa: matofali ya chini ni makubwa, ya juu madogo, na uso wa nje wa nyumba unainama kidogo kuelekea ndani. Lowesha lakini lile tofali la chini, na uwezo wake unashuka hadi sehemu ndogo ya ule wa awali. Hesabu yote inageuka.

Kufyatua kwenyewe ni kazi ya kawaida kwa mtu yeyote aliyewahi kuona tanuri la matofali, ukiondoa tanuri. Udongo huchanganywa na maji na mabua yaliyokatwakatwa, ukaachwa uchachuke, ukakanyagwa, ukamiminwa kwenye kalibu za mbao zilizolazwa chini. Mabua yanazuia nyufa wakati tofali linasinyaa. Likishika kidogo hugeuzwa, kisha husimamishwa kwa ubavu lipate hewa pande zote. Wajengaji hupandisha mistari michache tu, wakaacha ikauke, ndipo wanaendelea. Anayeharakisha anapandisha uzito juu ya tope. Milango, madirisha na nguzo za ndani ni za mti wa jamii ya mkunazi, ule ule ambao maua yake hutoa asali maarufu ya Do'an, bonde jingine la Hadhramaut.

Juu ya nyumba ndiko chokaa inakofanya kazi. Dari ni bapa, na dari bapa ndiyo sehemu pekee ambako mvua inaweza kukaa. Mawe ya chokaa huchomwa, huzimwa kwa maji, kisha wanaume waliopanga mstari huupiga ule uji kwa fimbo ndefu mpaka unakuwa laini na kunata. Hupakwa kwa tabaka, na tabaka la mwisho husuguliwa kwa jiwe laini hadi ling'ae. Dari, kingo zake, vyoo na sehemu za chini za kuta hupata chokaa hii. Nyumba yenye uwezo huipaka ghorofa kadhaa za juu, ndiyo maana Shibam kwa mbali ni kahawia yenye vichwa vyeupe. Marizabu ya mbao, yaani mifereji ya kutolea maji ya dari, hutoka mbali kidogo na ukuta ili maji yadondoke bila kuugusa.

Wenyeji wa Lamu na Unguja wataifananisha kazi hiyo na kupiga sakafu, ambako kundi la watu lilipiga chokaa kwa vijiti huku likiimba. Tofauti ni kwamba pwani ilipigwa ikiwa tayari juu ya dari, na Hadhramaut hupigwa kabla ya kupakwa. Wahadhrami wamehamia pwani hiyo kwa karne nyingi, lakini kusema kwamba wao ndio walioleta ufundi wenyewe ni kwenda mbele ya ushahidi. Chokaa ya matumbawe ina historia yake ndefu Kilwa na kwingineko.

Adui mkubwa wa nyumba hizi katika miaka ya karibuni ametoka ndani. Choo cha zamani kilikuwa kikavu: kinyesi kilishuka kwenye mfereji wa wima, kikachotwa chini na kupelekwa shambani, na maji ya kunawia yalitolewa kwa njia yake. Familia ilitumia maji iliyoyabeba mgongoni ngazi kwa ngazi, kwa hiyo hayakuwa mengi. Mji ulipounganishwa na mabomba, maji yaliongezeka kuliko mifereji ya kuyatoa. Bomba linalovuja nyuma ya lipu linafanya kila siku kile ambacho mafuriko hufanya mara moja kwa miaka mingi.

Saruji iliongeza tatizo. Mtu anaona lipu ya udongo inamsumbua, anapaka saruji. Saruji ni ngumu, udongo chini yake unatanuka na kusinyaa kwa mwendo wake, ufa unatokea. Maji yanaingia kwa ule ufa na hayapati pa kutokea, maana saruji haiachi unyevu utoke kwa wepesi kama chokaa au udongo. Ukuta unaoza ukiwa na uso safi, mpaka siku bamba zima linapoanguka na kilo kadhaa za tofali. Mradi wa Yemen na Ujerumani ulioanza mwaka 2000 uliwalipia wenye nyumba sehemu ya gharama za ukarabati kwa vifaa vya asili, ukarekebisha na mifereji, na kazi hiyo ikapata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2007.

Serikali nyingi kwa sasa zinawaonya raia wao wasisafiri Yemen, na onyo hilo si la bure: Machi 2009 bomu liliua watalii wa Korea Kusini waliokuwa wakiutazama mji kutoka kilimani. Hali ikiruhusu, nenda kati ya Novemba na Februari, kwa sababu kiangazi joto hupita nyuzi 40. Ingia kwa lango moja lililopo, kisha tazama chini kabla ya juu. Mstari wa chumvi nyeupe kwenye kimo cha goti au kiuno, chini ya bomba la plastiki, unakuambia nyumba ina tatizo sasa hivi. Mifereji midogo iliyochorwa na mvua kwenye ghorofa ya tano ni uchakavu wa lipu tu, na fundi ataifuta akipanda na karai lake la tope.