Kura ya Ugiriki ya 2015 haikuwa ya kuiacha euro

Bado wengi husema Wagiriki walipiga kura kuachana na euro, kisha Syriza, chama cha mrengo wa kushoto kilichokuwa madarakani, kikawageuka. Kura ya maoni ya Julai 5, 2015 iliuliza jambo jingine: je, masharti ya wakopeshaji yaliyowasilishwa Juni 25 yakubaliwe? Asilimia 61 walisema hapana. Kutoka kwenye euro hakukuulizwa.

Kilichombana Waziri Mkuu Alexis Tsipras ni fedha taslimu. Benki Kuu ya Ulaya ilikataa kupandisha kikomo cha mikopo ya dharura kwa benki za Ugiriki, benki hizo zikafungwa kuanzia Juni 29, na mwenye kadi akaruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku. Serikali isiyo na sarafu mbadala iliyo tayari haina pa kukimbilia. Julai 13 ikakubali masharti mapya, makali.

Mrengo wa kushoto wa Ureno ulipita njia nyingine: Novemba mwaka huohuo, Wakomunisti na wenzao wa Bloco de Esquerda, chama kingine cha mrengo huo, waliiunga mkono bungeni serikali ya Wasoshalisti bila kuchukua wizara, kwa makubaliano ya maandishi kuhusu mishahara na pensheni. Serikali hiyo ilimaliza muhula wake.