Dawa ya ukoko kisimani: kuzuia ni rahisi, kukaa ndiyo kazi

Kisima cha mafuta kikiziba, wengi hufikiria mchanga. Sisi wa kemikali hushuku maji kwanza.

Kwenye Bahari ya Kaskazini, maji ya bahari husukumwa ardhini ili presha isishuke na mafuta yasogee. Maji hayo yana salfeti, karibu miligramu 2,700 kwa lita. Maji ya asili yaliyomo mwambani yana bariamu. Yakikutana karibu na kisima, salfeti ya bariamu hugandia mabomba kama ukoko mgumu. Kisima kimoja cha eneo la mafuta la Miller, kwenye bahari hiyohiyo, kilikuwa kikitoa mapipa 30,000 kwa siku. Kikafika sifuri ndani ya saa 24.

Ukoko wa kalsiamu, kama ule wa kwenye birika la chai, huyeyuka kwa asidi. Huu wa bariamu asidi haiuwezi. Tena hubeba radiamu, kwa hiyo mabomba yakitolewa huwa na mionzi. Afadhali kuzuia.

Maabara tunaanza na chupa mbili, moja ya maji ya bahari, nyingine ya maji ya mwambani, zote zimepashwa moto. Ukizichanganya bila dawa, mchanganyiko unageuka mweupe kama tui papo hapo. Ukitia miligramu chache tu kwa lita za fosfoneti, aina ya dawa ya kuzuia ukoko yenye fosforasi, maji yanabaki maangavu kwa saa nyingi. Ioni za bariamu ni nyingi kuliko molekuli za dawa, sasa inawezaje? Dawa haihangaiki kuikamata bariamu yote. Inanata kwenye uso wa fuwele changa, mahali ioni inayofuata ingejipachika, na fuwele inadumaa.

Kwa hiyo chupa hudanganya: dawa nyingi hufaulu hapo. Mtihani wenyewe uko mwambani. Tunaisukuma dawa chini, tunaifuatisha na maji ili iende mbali zaidi, tunafunga kisima kwa saa kadhaa, kisha tunafungua. Kinachotakiwa ni dawa iachie mwamba kidogo kidogo, miezi na miezi. Ikishuka chini ya kiwango kinachozuia, tunarudia, na kisima kilichofungwa hakitoi mafuta.

Hapo ndipo fosfoneti kama ile iitwayo DTPMP huzishinda polima nyingi (dawa za molekuli ndefu kama minyororo), kwa kushika mwamba. Kalsiamu huisaidia kushika, ila ikizidi, dawa yenyewe inaganda na kuziba vitundu vya mwamba. Tatizo letu linakuwa limeletwa na sisi.

Halafu kuna mazingira. Norwei hupanga kemikali za baharini kwa rangi, kuanzia yenye madhara kidogo hadi mbaya zaidi: kijani, njano, nyekundu, nyeusi. Fosfoneti huoza polepole, jambo linaloweza kuiweka kwenye nyekundu, na kemikali nyekundu inatakiwa itafutiwe mbadala. Jaribio la kuoza ni la siku 28 kwenye maji ya bahari. Mimi nataka molekuli hiyohiyo ivumilie nyuzi zaidi ya 100 kwa miezi. Mahitaji hayo hayagongani kabisa, maana vijidudu vinavyoila baharini haviishi kwenye joto hilo. Ila yanapunguza sana orodha. Siku hizi nikiletewa sampuli mpya, ripoti ya kuoza naisoma kabla sijagusa chupa.