Mwelimishaji rika si daktari mdogo

Kigoma tunawajua waelimishaji rika tangu enzi za kampeni za UKIMWI. Wanafunzi wachache walipewa mafunzo, wakasimama mbele ya wenzao na kuyasema yale ambayo watu wazima waliyaonea haya. Mbinu hiyohiyo ikitajwa sasa kwa ajili ya afya ya akili, wazazi wanaguna, na baadhi ya walimu pia. Mengi yanayosemwa si kweli, na yanawaumiza watoto wetu.

"Mwanangu si kichaa, hayo hayamhusu."

Hapa ndipo tunapopotea zaidi. Ukitaja ugonjwa wa akili, watu wanaiwaza Mirembe kule Dodoma, na jina la hospitali ile limegeuzwa tusi. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawaokoti makopo. Wako darasani, wamevaa sare. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa kijana si lazima ije na machozi. Huweza kuja na hasira za ghafla, usingizi kuvurugika, alama kushuka, na maumivu ya mwili ambayo vipimo havioni chanzo chake.

Tazama foleni ya asubuhi kwa matroni katika shule ya bweni. Msichana yuleyule: Jumatatu kichwa, Jumatano tumbo, Ijumaa kichwa tena. Anapewa panadol, anarudi darasani. Matroni ana mabinti wengi wa kuwaangalia. Anayejua kwamba huyu halali usiku, na kwamba tangu likizo iishe hapigi stori na mtu, ni mwenzake wa kitanda cha juu. Huyo ndiye tunayetaka kumfundisha.

"Watafundishana upuuzi."

Wakiachwa hivihivi, inawezekana. Wakiandaliwa na kusimamiwa, mambo ni tofauti. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri uliwatumia vijana waliomaliza sekondari tu kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vipindi vinne. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanafunzi 413, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kwa waliopitia vipindi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Waongozaji wale hawakuwa madaktari. Walikuwa na mafunzo, mwongozo wa kufuata, na mtu wa kuwasimamia.

"Siri ya rafiki haitolewi."

Hii ni dhana ya wanafunzi wenyewe, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote. Siri nyingi zinatunzwa, na lazima zitunzwe, la sivyo hakuna atakayefungua mdomo. Lakini rafiki akisema anataka kufa, au kuna anayemfanyia ukatili, au anapanga kumdhuru mtu, habari hiyo inafika kwa mtu mzima siku hiyohiyo. Mwelimishaji rika aliseme hilo mwanzoni kabisa, kabla hajaambiwa chochote. Afanyishwe na mazoezi ya kulitamka, maana wakati wenyewe ukifika ulimi huwa mzito: "Nimefurahi umeniambia. Hili hatuliwezi sisi wawili. Twende wote kwa matroni, nitakaa na wewe." Kazi yake inaishia pale. Mtu mzima ndiye atakayempeleka kituo cha afya, na ikihitajika rufaa hadi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Wapo wanaohofu kwamba kumuuliza mtu kama anawaza kujiua ni kumtia wazo hilo kichwani. Tafiti hazionyeshi hivyo. Kuuliza kwa upole na bila kuzungukazunguka hakuongezi hatari, na wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyewaona.

"Ni mapepo, aombewe."

Aombewe, hakuna anayekataza. Apelekwe na hospitali pia.

"Wachaguliwe viranja."

Hapana. Kiranja ndiye anayeandika majina ya wapiga kelele, nani atamlilia? Waulizwe wanafunzi wenyewe, kwa karatasi zisizo na majina: ukiwa na shida unamwendea nani? Majina yatakayojirudia ndiyo ya kuanza nayo, na utashangaa ni watoto wakimya kiasi gani.

"Mwelimishaji rika ni jasiri, hahitaji msaada."

Mtoto wa miaka 16 anayesikiliza huzuni za bweni zima anachoka. Wafanye kazi wawiliwawili, wakutane na mwalimu wa malezi kila wiki, na mitihani ya moko ikikaribia wapumzishwe. Kama shule haina mwalimu aliye tayari kuwapokea, nasema wazi: isianze mpango huu hadi ampate. Na namba 116, simu ya msaada kwa mtoto ambayo haitozi hata senti, ibandikwe penye simu ya shule na kwenye mlango wa kila bweni.